Mwenye Maneno Aje

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mabibi na mababu, ni hii ya juzi ambayo vumbi lake bado liko kwenye viatu, palikuwa na mji mmoja wa reli. Jina la mji siwatajii. Anayeujua ataujua, asiyeujua ana bahati yake. Sogeeni tu karibu, maana hadithi hii haitaki kupaziwa sauti.

Mji ule ulikuwa na timu mbili, Kengele na Tingatinga. Ulizaliwa Kengele au ulizaliwa Tingatinga, hapakuwa na katikati. Ukioa upande wa pili unaoa, ndoa ni heri, lakini wiki ya mechi mnalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule.

Mashabiki wa Kengele walikuwa na tawi lao jirani na stesheni. Tawi lenyewe benchi moja refu la bluu, na juu yake kipande cha reli kimening'inizwa kwa waya. Kipande hicho ndicho kengele yao. Kilipigwa timu ikifunga, kilipigwa mwanachama akifiwa, basi. Kwa jambo jingine hakikuguswa, na mwanamke hakuwahi kukigusa kabisa.

Ng'ambo ya barabara, kikitazamana na benchi hilo, palikuwa na kikaango cha mihogo cha Bi Kalunde. Huyu alikuwa Tingatinga wa damu, mtani wao. Na utani wa mji ule ulikuwa na sheria moja tu: neno la mtani halina kesi. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akikuzika ungali hai, unatoa ubani. Timu ikifungwa, watani wanachonga jeneza la mbao, wanalibeba kwa vilio na vigelegele mpaka kwenye maskani ya waliofungwa, "Pokeeni maiti yenu!", na waliofungwa wanalipokea, wanawanunulia soda, kesho maisha yanaendelea. Hakuna aliyewahi kukasirika. Kukasirika ndiko kulikokuwa kosa.

Sasa sikilizeni.

Mwenyekiti wa benchi la Kengele alikuwa mzee Lugendo, aliyewahi kuwa mshika bendera wa stesheni, mtu wa tahadhari, mtu wa kuangalia kulia na kushoto hata akiwa kitandani. Mwaka ule nchi ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi, na maneno yalikuwa yameanza kuota masikio. Palikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, alisema jambo kwenye foleni ya maji, jambo lenyewe dogo, la bei ya sukari. Akapandishwa treni ya mchana akahojiwe makao makuu. Mke wake akaambiwa asiwe na wasiwasi. Mpaka leo yule mwanamke anapiga pasi mashati ya mumewe kila Jumapili na kuyatundika. Mashati yanakunjika yenyewe kwa kungoja, anayapiga pasi tena.

Basi mzee Lugendo akawaita watu wake akawaambia: "Jamani, mimi sitaki mtu wa benchi hili apande treni ile. Siasa sisemi muache, najua hamtaacha, mtu na tumbo lake. Ila tuseme kimpira. Mkubwa wa nchi tumwite kocha. Mawaziri, benchi la ufundi. Wahesabu kura, marefa. Mtu akihama chama, kasajiliwa. Na bei zikipanda, semeni uwanja unateleza. Akipita mtu tusiyemjua, tunaongea mpira tu."

Watu wakapenda. Wakapenda kupita kiasi. Kabla ya hapo walikuwa wanaongea siasa kwa kunong'ona, sasa wakawa wanaongea kwa kupiga kelele, mchana kweupe, na mapaja wanapigana.

"Umeuonaje mchezo wa wiki hii, Mrisho?"

"Unateleza, Mwenyekiti, unateleza mno. Mke wangu jana kakaanga dagaa kwa maji."

"Kwa maji?"

"Nimeuliza mafuta yako wapi, kaniambia kamuulize kocha."

"Na marefa?"

"Marefa wamealikwa chakula kwa kocha. Wamepakuliwa minofu, sisi tutapewa filimbi."

Watu hoi, wanashikilia benchi wasianguke. Askari wakipita, mzee Lugendo anainua kofia: "Tunaongea mpira tu, afande." Afande naye anatabasamu, anauliza matokeo, anapita.

Tunaongea mpira tu. Lishikeni hilo neno, litarudi.

Huyo Mrisho aliyekaangiwa dagaa kwa maji ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa Kengele, mtunga nyimbo. Kifua kama pipa, mdomo hauna mlango. Uwanjani akipiga ngoma, watu wasiojuana wanakumbatiana, na watu wanaojuana wanarushiana chupa, na nawaambia ukweli, chupa nyingine hazikuwa na maji. Aliwahi kumwimbia refa mpaka refa akalia. Akiulizwa anasema, "Ngoma ikikolea, anayepigwa ni mpigaji." Watu wanacheka. Wakati huo walikuwa bado wanacheka.

Na alikuwepo mwingine, kijana anaitwa Mihayo, fundi seremala, mpole, maneno yake machache kama misumari, anaweka moja panapohitajika. Mke wake Nyamizi. Mtoto wao Wande, bado ananyonya. Nyamizi alisoma mpaka kidato cha nne, mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wenye maduka walimwita awaandikie vibao. Hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa mtu wa kuogopa. Redio ikisema jambo anaipunguza, mbwa akibweka anahesabu watu wa nyumba. Mumewe akitoka kwenda bencheni anamwambia, "Baba Wande, ukaongee kidogo." Naye anajibu, "Mama Wande, mimi si ndiyo nasikiliza tu?"

Mwaka ule Kengele walikuwa wanafungwa. Wanafungwa nyumbani, wanafungwa ugenini, wanafungwa na timu za watoto wa chuo. Kocha wao, sasa nasema kocha wa kweli, kocha wa mpira, mtu wa filimbi shingoni, alikuwa mtu mzima aliyekaa na timu ile tangu nywele zake ziko nyeusi. Hakutaka kuondoka. Bi Kalunde akaleta jeneza. Wakafungwa tena, akaleta jeneza tena, safari hii na mashada ya majani ya muhogo. "Watani, nyie mna makaburi kweli? Maana maiti zenu zinatuishia mbao!"

Wakacheka, wakatoa soda. Lakini soda ilipita kooni kama dawa.

Ndipo Mrisho akasema, "Mimi nimechoka kuzikwa. Safari hii tujizike wenyewe. Jumamosi tuingie uwanjani na jeneza letu, tumbebee kocha. Tuandike ubavuni: KOCHA, INATOSHA. Aone, apumzike."

Mzee Lugendo akakuna shingo. "Jumamosi kuna mgeni rasmi. Mheshimiwa mmoja kutoka makao makuu, anakuja na msafara wa kampeni, atakaa jukwaa kuu."

"Kwani Mwenyekiti, kumwambia kocha apumzike ni siasa?"

Mzee Lugendo akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Wote wanamtazama. Akasema, "Haya. Tunaongea mpira tu." Akapiga benchi kwa kiganja. Mwenyekiti akipiga benchi, limepita.

Mihayo akachonga jeneza, na kwa sababu hakujua kufanya kazi mbaya, akachonga jeneza zuri. Akalileta nyumbani na kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Mama Wande, nisaidie herufi. Andika KOCHA, INATOSHA. Kubwa, zisomeke mpaka upande wa jua wa uwanja."

Nyamizi akashika brashi. Hakuandika.

"Kocha yupi?"

"Kocha wa timu, kwani kuna yupi?"

"Huko bencheni kwenu kocha siye kocha."

"Hapa ni kocha."

"Na anayesoma atajuaje kuwa hapa ni kocha na pale siye?"

Mihayo akacheka. "Wewe nawe. Woga wako utatuua kabla ya siku zetu. Andika, nakwenda kununua misumari."

Akatoka. Nyamizi akabaki na brashi mkononi na mtoto mgongoni. Anajiambia, neno hili limeshachafuka. Wamelifanya kuwa jina la mtu mkubwa, leo wanataka kulirudishia maana yake, watu watakubali? Tena adabu iko wapi, mtu mwenye umri wa baba yangu kuandikiwa "kocha, inatosha" kwenye jeneza kama kuku anayefukuzwa? Wachezaji wenyewe wanamwita Mzee. Woga ukashikana mkono na adabu, vikaiongoza brashi. Akaandika, kwa mwandiko ule mzuri: MZEE, INATOSHA.

Mihayo akarudi, akalitazama. "Afadhali," akasema. "Hili lina heshima."

Mnanitazama. Mmeshaelewa, sivyo? Kule bencheni kwao mkubwa wa nchi aliitwa kocha, sawa. Lakini nje ya benchi, redioni, kwenye vitenge, kwenye nyimbo za shule, nchi nzima ilimwitaje? Si Mzee? Nyamizi aliruka majivu akakanyaga moto, na mumewe akamshukuru kwa kuruka vizuri.

Jumamosi ikafika. Uwanja umejaa, mgeni rasmi amekaa, chupa ya maji mbele yake na kitambaa juu ya meza. Kengele wakafungwa kabla watu hawajakaa. Wakafungwa la pili. Mrisho akainuka na ngoma yake, jeneza likainuliwa, Mihayo ameshika mbele.

"Mzeeee!" Mrisho akaita.

"Inatosha!" wakajibu benchi lote.

Ilikuwa mpira. Naapa mwanzo ilikuwa mpira. Kocha mwenyewe aliinamisha kichwa, mpaka mashabiki wengine wakamwonea huruma. Lakini upande wa jua walikuwepo watu ambao hawakuwa na habari na kocha. Alikuwepo anayekumbuka mafuta, alikuwepo anayekumbuka sukari, walikuwepo wenye watoto waliosoma wakarudi kukaa vibarazani. Waliposikia "Mzee", hawakumwona mtu wa filimbi. "Inatosha!" wakajibu. Upande wa jua ukaitika, upande wa kivuli ukaitika, hata Tingatinga wakaitika, na umati ukalisukuma lile jeneza, likaenda, likaenda, Mihayo anasukumwa hawezi kugeuka, mpaka likasimama mbele ya jukwaa kuu. Herufi nyeupe zinamwangalia mgeni rasmi.

Mzee Lugendo akampungia Mrisho kofia: acha, acha! Mrisho alimwona. Aliwahi kusema mwenyewe kwamba alimwona. Lakini uwanja mzima ulikuwa kwenye viganja vyake, na nani amewahi kuushika uwanja mzima akauweka chini? Akapiga kwa nguvu zaidi.

Mgeni rasmi akainuka, hakunywa hata yale maji. Msafara ukaondoka.

Jumapili mapema, mtu mmoja mgeni, shati safi, akaja kula mihogo kwa Bi Kalunde. Akasifia pilipili. Akauliza kama anayepitisha muda, "Hawa jamaa wa benchi la bluu wanaongeaga nini kutwa?"

Bi Kalunde akacheka, kijiko mkononi. Kwake swali kuhusu Kengele lilikuwa kama mpira uliowekwa mbele ya goli tupu, unaachaje kuupiga? "Hao? Hao watani zangu ni hatari, kaka! Wakisema kocha ujue ni Mzee, wakisema Mzee ujue ni kocha. Kila wanachosema kimpira kina mguu mwingine nje. Wakipiga chafya, serikali ivae koti! Jana wamemzika huyo, kesho watazika bunge zima, mbao zipo, fundi wanaye." Akaonyesha kwa kijiko karakana ya Mihayo.

Yule mgeni akacheka pia. Akaongeza muhogo, akala, akafuta vidole kimoja kimoja.

Kisha akaenda karakana. Palikuwa na wenzake wawili nje. "Fundi, lile jeneza la jana ni kazi yako?"

Mihayo hakujua kukana kazi yake. "Ni mikono yangu," akasema.

Wakamchukua na randa yake akiwa ameishika.

Nyamizi akaenda kituo cha polisi, ng'ambo ya reli, Wande mgongoni. Ofisa aliyemkuta hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa amechoka tu, anamenya chungwa.

"Afande, mume wangu haongei siasa. Walikuwa wanaongea mpira tu."

Ofisa akaacha kumenya. "Dada yangu, hilo neno usilirudie humu ndani. Tumeshaelezwa mpira wenu unavyochezwa."

"Mzee ni kocha wao, afande. Ni mtu mzima, anaitwa Mzee. Hata muuza mkaa anaitwa Mzee. Mji mzima huu umejaa wazee."

"Umejaa. Lakini aliyebebewa jeneza mbele ya mgeni rasmi ni mmoja." Akashusha sauti. "Sikiliza. Mbao si kosa. Kubeba si kosa, mtu anabeba gunia bila kujua kilichomo. Mimi nimeagizwa nipeleke mtu wa maneno. Mwenye maneno aje. Akija kabla treni ya mchana haijaondoka kesho, fundi wako anarudi kuchonga vitanda. Asipokuja, anapanda yeye."

Nyamizi akaruhusiwa kumwona mumewe kupitia dirisha la nondo.

"Umekula, mama Wande?"

"Wamekuuliza nini?"

"Nani aliandika."

"Ukasemaje?"

"Nimewaambia sijui kusoma."

Nyamizi akamtazama. Mtu huyu, anayesoma gazeti la michezo kuanzia jina la gazeti mpaka anwani ya mchapaji. "Wamekubali?"

"Wameniuliza, hujui kusoma, mbona unajua msimamo wa ligi? Nikasema naangalia picha." Akajaribu kucheka, mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Akapitisha kidole kwenye nondo, akagusa unyayo wa mtoto. "Usiseme kitu. Umesikia? Herufi hazina mwenyewe. Mtoto ananyonya."

Jumatatu jua lilipopanda, Nyamizi akaenda kwenye benchi la bluu. Benchi lilikuwa tupu. Mashabiki wote wa Kengele walikuwa wameugua siku moja. Akaokota jiwe. Akakipiga kile kipande cha reli, akapiga, akapiga, mwanamke, mtoto analia mgongoni, na mji ukasikia. Hapakuwa na goli. Watu wakajiuliza amefiwa nani.

Wakaja watatu tu. Mzee Lugendo akaja kwa sababu kengele ilikuwa yake. Mrisho akaja kwa sababu hakuweza kusikia mdundo akakaa. Bi Kalunde akavuka barabara, mikono ina unga wa muhogo, macho mekundu.

"Nimeambiwa mwenye maneno aje," Nyamizi akasema. "Treni inajaza maji. Haya. Maneno ni ya nani?"

Mzee Lugendo akavua kofia.

"Binti yangu, mimi sikutunga neno hata moja. Mimi niliwapa njia ya kusema ili wasipande treni. Miaka yote hii, nani wa benchi hili amepanda? Hakuna. Nililinda watu. Mwenye ngoma alipoambiwa acha, hakuacha. Mimi nilipunga kofia, Mungu shahidi, nilipunga."

"Ulipiga benchi lakini!" Mrisho akadakia. "Ulipiga au hukupiga, Mwenyekiti? Ungesema hapana tungelala. Na wewe ndiye uliyetufundisha kusema hiki tukimaanisha kile. Siku tuliyosema hiki tukimaanisha hikihiki, nani angetuamini? Ulituibia lugha yetu, mzee. Mimi nilitunga, ndiyo. Lakini maneno yangu yalikuwa KOCHA, INATOSHA. Nikamwambia Mihayo kwa mdomo huu. Mzee sikulitia mimi. Nilifika uwanjani nikalikuta limeandikwa, nikaliimba kama nilivyolikuta."

"Na ulipoona upande wa jua umeitika?"

"Ah, shemeji. Walikuwa wengi mno. Niliona wote wananipenda."

Bi Kalunde akajipigapiga kifua, unga ukaruka. "Mimi mniacheni, mimi ni mtani! Tangu lini neno la mtani likashtakiwa? Nilisema kama ninavyosema siku zote, kwamba maneno yenu yana mguu mwingine nje. Yule mtu alicheka, jamani, alicheka kwa meno yote! Ningejua kwamba si mtu wa hapa, hajui kwamba tunazikana na kufufuana, ningejikata ulimi. Mama Wande, mimi na huyu mtoto wako, si ndiye niliyemwogesha siku ya kwanza? Nimezoea kuwaua nyie kwa maneno. Hamkuwahi kufa."

"Wamejuaje mguu mwingine uko nje, kama si wewe?" Mrisho akafoka.

"Na huo mguu aliuweka nani nje?" Bi Kalunde akamrudishia.

Wakaanza wote watatu pamoja, huyu anamnyooshea yule, yule anamnyooshea huyu, kama wachezaji waliofungwa goli. Nyamizi akasikiliza. Kisha akasema polepole, na watu husema polepole wakiwa wameogopa sana:

"Neno MZEE niliandika mimi."

Vidole vilivyonyooshwa vikashuka.

"Niliogopa KOCHA. Nikaona Mzee lina usalama na lina adabu. Ni mkono wangu. Wakilinganisha na kibao chochote cha duka mji huu watauona. Mume wangu anasema hajui kusoma kwa sababu yangu. Sasa niambieni. Mwenyekiti aliyeifundisha midomo yetu, mtungaji aliyeimba hakunyamaza, mtani aliyetafsiri, au mimi niliyebadilisha neno kwa woga? Maana mmoja wetu inabidi avuke reli aende pale kituoni aseme, ni mimi. Mmoja tu. Wakienda wanne watapandishwa wanne, na Mihayo wa tano."

Stesheni ikapiga honi ya kwanza; ya tatu ndiyo treni huondoka.

Mzee Lugendo akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mrisho akatazama viganja vyake. Bi Kalunde akatazama kikaango chake ng'ambo, mafuta yanaungua, hakwenda.

Nyamizi akafungua khanga. Akamshusha Wande mgongoni, akamfunga vizuri, akamnyoosha mbele yao kwa mikono miwili.

"Sina maneno mengine. Mmoja ashike mtoto. Atakayeshika, abaki, amlee mpaka atakayekwenda arudi. Kama nitakwenda mimi, na Mihayo wasimwachie, nimkabidhi nani?"

Na hapo, enyi mnaonisikiliza, hapo ndipo moyo wangu husimama kila nikiisimulia.

Mzee Lugendo akanyoosha mikono. "Nipe mimi, binti yangu, nitamlea kama mjukuu."

Mrisho akanyoosha mikono. "Nipe mimi, shemeji, hatakosa kitu."

Bi Kalunde akanyoosha mikono yenye unga. "Nipe mimi, mwanangu, mimi ndiye ninayemjua."

Mikono yote mitatu mbele, imefunguka, ina huruma, na wote wanalia, na machozi yao yalikuwa ya kweli, msiseme hayakuwa ya kweli. Kila mmoja alitaka kumsaidia mtoto. Kila mmoja alitaka kubaki.

Nyamizi akasimama katikati na mtoto hewani. Mihayo alikuwa tayari uwanja wa stesheni, anaonekana kwa mbali kati ya watu wawili, ameinua shingo, anatafuta. Honi ya pili ikapiga. Ikabaki moja.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo lilipo swali, na mbele ya hapo siwezi kwenda peke yangu. Benchi bado lipo. Kipande cha reli bado kinaning'inia. Nyinyi mliosikia, msinong'onezane, nijibuni: maneno yale yalikuwa ya nani? Nani alistahili kuvuka reli, na ni mikono ya nani iliyostahili kukabidhiwa mtoto?